Taa ya eabegi haizimi tangu kolamu ya usukani ibadilishwe

*"Salaam fundi. Nina Toyota Fielder ya mwaka 2014, naishi Kisauni, Mombasa. Mwezi uliopita wezi walivunja swichi ya ufunguo usiku. Gari hawakuliondoa, lakini loki ya usukani iliharibika na kolamu ikawa inacheza. Fundi wangu wa mtaani alinunua kolamu ya mtumba kutoka Japani, ikiwa na swichi zake zote za indiketa na waipa, akaifunga. Usukani ulikaa upande kidogo, kwa hivyo akaufungua tena akauweka sawa. Siku hiyo taa zote zilizima kama kawaida. Siku ya pili nilikuwa narudi kinyumenyume kwenye kichochoro cha Majengo, nimekata usukani wote kushoto, nikasikia kitu kikikwaruza ndani ya usukani. Taa nyekundu ya eabegi ikawaka, na tangu hapo haizimi. Honi nayo imekufa. Fundi anasema tutoe betri usiku kucha, na ikishindikana ataitoa balbu ya dashibodi au atatia rezista, kile kijidude cha kuzuia umeme. Jirani yangu anasema kompyuta ya eabegi imeungua. Hofu yangu kubwa: inaweza kunilipukia usoni nikiwa barabarani? Na je, niendelee kuliendesha gari?"*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umeieleza shida yako vizuri kuliko wengi, na maelezo yako yenyewe yamebeba zaidi ya nusu ya jibu. Kwa ufupi: ni vigumu sana eabegi hiyo kukulipukia, kompyuta yako karibu nina hakika haijaungua, na kilichokatika ni utepe wa umeme ulio nyuma ya usukani, ndani ya kile kifaa ambacho mafundi hukiita kloki springi. Kimekatika kwa sababu ya namna kolamu ilivyofungwa. Habari mbaya ni kwamba kwa sasa gari lako lihesabu halina eabegi.

Lakini kabla ya eabegi, kuna bolti moja ambayo nataka ikaguliwe leo hii. Kolamu, ile nguzo inayobeba usukani, inapotolewa, hufunguliwa kiungo cha chini, pale shafti ya kati inapoingia kwenye kolamu, karibu na miguu ya dereva. Kiungo hicho kina meno, na hubanwa na bolti moja inayopita kwenye mfereji uliochongwa ubavuni mwa shafti. Shafti isipoingia hadi mwisho, bolti haikai kwenye mfereji huo: inabana meno tu, na siku moja kiungo kinachomoka. Hapo usukani unazunguka bure na magurudumu yanakwenda yanakotaka. Kitendo cha fundi kuufungua usukani mara ya pili na "kuuweka sawa" kinanifanya niamini kwamba kiungo hicho kilirudishwa kwenye jino lisilo lake, kwa maana alama za kulinganisha hazikuwekwa kabla ya kufungua. Basi mwambie achutame, aangalie bolti imepita kwenye mfereji, kisha aikaze kwa spana ya kupimia nguvu. Taa ya eabegi inaweza kungoja siku mbili tatu. Bolti hii haingoji.

Sasa tuje kwenye hofu yako ya kulipukiwa. Ndani ya kifuniko cha katikati ya usukani mna kopo la chuma lenye kemikali ya kutoa gesi, na ndani ya kopo mna kiwashio: kiwaya chembamba chenye ukinzani, yaani uzito wa kupitisha umeme, wa karibu ohm 2. Ili kiwashio kiwake kinahitaji umeme wa zaidi ya ampea 1 kwa muda wa milisekunde 2 hivi. Kompyuta ya eabegi, ambayo hukaa katikati ya gari chini ya konsoli, haipitishi umeme wa kiasi hicho ila inapopata taarifa ya mgongano. Wakati mwingine wote ufunguo ukiwa umewashwa, hupitisha umeme wa miliampea chache tu, mdogo mno kukiwasha, ili kupima kama zile ohm 2 bado zipo mahali pake.

Ikipima na kukuta njia ya umeme haipitishi kitu, inajua waya umekatika. Ikikuta ukinzani umeshuka karibu na sifuri, inajua nyaya mbili zimegusana. Ikikuta umeme wa betri umevuja ndani ya njia hiyo, au njia imegusa bodi ya gari, inalijua hilo pia. Kwa kila hali inaandika namba yake ya hitilafu na kuiwasha taa. Waya uliokatika haulipui kitu, unazuia tu kulipuka. Ndiyo maana nasema kwa dalili zako hofu hiyo uipunguze.

Sikusema uifute. Hali moja kati ya hizo ni ya kuheshimiwa: umeme wa betri kugusa njia ya kiwashio. Wezi walivunja swichi ya ufunguo, na nyaya za swichi hiyo zina umeme mkubwa na zinapita jirani kabisa na zile za eabegi. Waya mmoja uliochunwa ukikutana na mwingine uliochunwa, hesabu inabadilika. Kwa hivyo mashine ya kusoma hitilafu ikisoma namba B1803, ambayo kwa Toyota ni umeme wa betri kwenye njia ya eabegi ya dereva, gari lisiendeshwe tena mpaka waya huo upatikane. Ikisoma B1801, njia iliyokatika, nami ndiyo ninayoitarajia kwako, unaweza kuliendesha polepole mpaka gereji. B1800 ni nyaya kugusana zenyewe kwa zenyewe, na B1802 ni kugusa bodi.

Nikisema gari lihesabu halina eabegi, simaanishi ya dereva peke yake. Katika magari mengi kompyuta ikiona hitilafu hujizuia kwa sehemu au kwa mfumo mzima, na kompyuta hiyohiyo ndiyo inayovuta mikanda ya mbele ijikaze wakati wa mgongano. Mkanda wenyewe bado utakushika, kwa hivyo ufunge hata kama unakwenda dukani tu, na kifua chako kikae sentimita 25 au zaidi kutoka kwenye kifuniko cha usukani. Safari za Nairobi, za kukimbizana na malori kutoka Mazeras hadi Voi, ziache kwanza.

Kwa nini nina hakika kiasi hiki kuhusu kloki springi? Usukani unazunguka, kolamu haizunguki, na umeme lazima uvuke kutoka kimoja hadi kingine bila kukatika. Kazi hiyo inafanywa na utepe mwembamba wa plastiki wenye nyaya bapa ndani yake, uliozongwa ndani ya kikasha cha mviringo kama ukili unaosubiri kushonwa mkeka. Ukikata usukani upande mmoja utepe unajizonga, ukikata upande wa pili unajizongoa. Honi, vitufe vya redio na eabegi vyote hupita humo, kila kimoja kwa mstari wake. Ndiyo sababu honi yako na taa ya eabegi vilikwenda pamoja, kwa sekunde moja. Kompyuta iliyoungua haiui honi, kwa maana honi haipiti kwake.

Utepe huo una urefu wa mizunguko takriban mitano, yaani miwili na nusu kila upande kutoka katikati. Usukani wa gari dogo kama lako huzunguka kiasi cha mara tatu hadi tatu na nusu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Fanya hesabu utaona akiba haizidi mzunguko mmoja kila upande. Kikasha kikifungwa kikiwa kimepotea katikati yake kwa mzunguko mmoja tu, gari litakwenda vizuri barabara nzima ya Nyali, litapinda kona zote za kawaida, na taa haitawaka. Inangojewa siku utakapokata usukani wote kuelekea upande ulio mfupi. Kichochoro cha Majengo, kinyumenyume, kushoto hadi mwisho: utepe ulifika mwisho wake kabla ya magurudumu kufika mwisho wao, ukavutwa, ukakatika. Mkwaruzo uliousikia ndio huo.

Na kolamu za mtumba zinakuja hivyo karibu kila mara. Kikasha kipya kikitoka kiwandani huwa kimefungwa na kipini au kibandiko ili kisizunguke kabla ya kufungwa kwenye gari. Cha mtumba kimekaa dukani bila usukani, kila anayepita anakizungusha kwa kidole, na hakuna anayejua katikati yake iko wapi. Hata kile kilichotoka salama kinaweza kupotezwa na fundi mwenyewe, akiacha usukani uzunguke huku kiungo cha chini kiko wazi. Kuizuia haina gharama: mkanda wa kiti ukipitishwa kwenye usukani na kufungwa, usukani haugeuki wakati kolamu au raki, ile mashine ya chini inayogeuza magurudumu, inafanyiwa kazi.

Nizijibu sasa tiba ulizopewa, nianze na betri. Namba za hitilafu za eabegi huandikwa kwenye kumbukumbu isiyotegemea betri, kwa makusudi, ili mtu asizifute kwa kutoa taminali. Utalala bila betri, utaamka na taa ileile, pamoja na redio iliyosahau stesheni zako.

Balbu ndiyo hila ya zamani. Ukiwasha ufunguo, taa ya eabegi inatakiwa kuwaka kwa sekunde 6 hivi kisha izime yenyewe. Ndivyo gari linavyokuonyesha kwamba limejipima na kujikuta zima. Gari ambalo taa hiyo haiwaki kabisa ufunguo ukiwashwa limetolewa balbu au limebandikwa kitu, na hivyo ndivyo unavyoweza kumgundua anayekuuzia gari lililofichwa maradhi. Wengine huunganisha waya wake na taa ya oili ili iwake na kuzima kama ya kawaida. Wewe una gari lako mwenyewe na familia yako humo ndani. Sijui ungekuwa unamdanganya nani.

Rezista ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu anayeitia anajua anachofanya. Rezista ya ohm 2 ikiwekwa badala ya eabegi, kompyuta inapima, inaona ohm zake mbili, inaridhika na taa inazima. Gari linakuwa na dashibodi safi na usukani usio na kitu, na hata mashine ya kusoma hitilafu haitakwambia lolote. Rezista ina matumizi yake halali: fundi huiweka kwa dakika chache wakati wa kutafuta ubovu, kisha huiondoa. Ikibaki humo ni udanganyifu wa kuua.

Kompyuta ya eabegi hubadilishwa au kufutwa kumbukumbu yake pale ambapo eabegi zimekwisha kupasuka katika ajali, kwa sababu hujifunga na taarifa za mgongano. Gari lako halikugonga. Anayetaka kukuuzia kompyuta kabla hajasoma namba ya hitilafu anabahatisha kwa pesa zako.

Kazi yenyewe ifanyike hivi, na sehemu kubwa ya haya yanayofuata ni ya kumsomea fundi wako. Kwanza asome namba, kwa mashine inayoingia kwenye mfumo wa eabegi. Vile vidude vya bei nafuu vinavyoungana na simu aghalabu husoma injini tu, na kisha fundi anasema "hakuna kitu". Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 huweza kutoa namba kwa kumetameta kwa taa, ukiunganisha matundu ya TC na CG, yaani namba 13 na namba 4, kwenye soketi ya uchunguzi chini ya dashibodi; huko 14 ni njia ya dereva iliyokatika na 13 ni nyaya zilizogusana. Asiyeijua soketi hiyo asiichokoe na waya, kwani tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja.

Namba ikishasomwa, magurudumu yanyooshwe mbele, ufunguo uzimwe, taminali hasi ya betri itolewe na kuwekwa mbali. Kisha asubiri. Ndani ya kompyuta mna kapasita inayohifadhi umeme wa kutosha kupasua eabegi hata kama betri imekatika kwenye ajali. Toyota inataka sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, Honda dakika 3. Mimi nasema dakika 3 kwa gari lolote. Muda huo si wa kugombania.

Kabla ya kufungua usukani, afungue vifuniko vya plastiki vya kolamu na kuangalia nyaya zenye soketi za manjano. Rangi hiyo kwenye gari aghalabu ni alama ya mfumo wa eabegi. Skrubu ya kifuniko hupenda kubana waya uliopitishwa pasipo pake, na hiyo ni sababu nyingine ya kawaida baada ya kazi kama yako. Kwa hali ya hewa ya huku kwetu aangalie pia taminali zenyewe: unyevu wa chumvi huzitia kutu ya kijani, hasa kwenye vihisi vya mbele karibu na rejeta na kwenye soketi za manjano chini ya viti kwa magari yaliyowahi kuingia maji. Kutu haipanguswi kwa msasa na kusahauliwa, kwa sababu sehemu ya kumi ya ohm huko ina maana.

Kifuniko cha eabegi kikifunguliwa, soketi yake nyuma ina kiloki kidogo, mara nyingi cha rangi tofauti na soketi. Hakivutwi kwa waya wala kwa nguvu. Unafunga ncha ya bisibisi bapa ndogo kwa utepe wa umeme, unaipenyeza chini ya kiloki, unakiinua kiasi cha milimita 2, na soketi inatoka yenyewe. Wakati wa kurudisha, soketi iingie kwanza, halafu kiloki kibonyezwe mpaka kilie "tik". Kisipolia hakijaingia, na hapo unapata taa ile ile ambayo haina uhusiano na ubovu wowote. Eabegi ikishatoka ibebwe uso wake ukiangalia nje, mbali na mwili, na iwekwe mezani uso ukiwa juu, bila kitu chochote juu yake. Isiachwe juani kwenye boneti. Na isipimwe kwa mita hata siku moja, hata kwa mita nzuri ya kidijitali, kwa sababu mita inapima ukinzani kwa kupitisha umeme wake yenyewe ndani ya kile kiwashio.

Kinachopimwa ni kloki springi peke yake, ikiwa imechomolewa pande zote mbili. Kila mstari, kutoka soketi ya chini hadi ya juu, uonyeshe chini ya ohm 1, na ubaki hivyo fundi anapokizungusha kikasha taratibu. Ukiruka hata mara moja, utepe umekufa. Hapa pana mtego ambao umewapoteza wengi: soketi za manjano zina kibati cha springi ndani, ambacho huunganisha nyaya mbili za kiwashio mara soketi inapochomolewa, ili umeme tuli usiiwashe eabegi kwa bahati mbaya. Fundi asiyejua akipima kati ya nyaya hizo mbili anakuta zimegusana, anatangaza kuna shoti, na kuanza kupasua nyaya nzima. Kibati hicho hutenganishwa kwanza kwa kipande chembamba cha plastiki au karatasi ngumu, ndipo kipimo kinakuwa na maana.

Kloki springi ikikutwa nzima, jambo ambalo litanishangaza, ndipo anapobadilisha eabegi na rezista ya ohm 2 kwa muda, anarudisha betri na kusoma tena. Hitilafu ikiondoka, ubovu uko kwenye eabegi yenyewe. Ikibaki, uko kwenye nyaya kati ya kolamu na kompyuta. Hakuna anayekaa ndani ya gari betri inaporudishwa.

Kuhusu spea: kloki springi nunua mpya, yenye namba ya spea inayolingana na gari lako na vitufe vyako vya usukani. Za kopi zipo tele na nyingine ni nzuri, ila kagua mambo mawili: idadi ya vipini kwenye soketi iwe sawa, na kipini au kibandiko cha kuzuia kuzunguka kiwe bado kipo. Ya mtumba siipendekezi, kwa sababu umeshaona mwisho wake. Ikilazimika kutumia isiyo na kibandiko, izungushwe kinyume cha saa kwa mkono mwepesi mpaka igome, kisha irudishwe kwa mwendo wa saa takriban mizunguko miwili na nusu, mpaka alama zake mbili zikutane. Magurudumu yawe yamenyooka. Nati ya usukani kwa Toyota nyingi hukazwa kwa nyutoni-mita 50, na usukani ukigoma kutoka hutumiwa pula.

Si nyundo. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ni jambo la kolamu yako ya mtumba kuliko la eabegi. Kolamu imetengenezwa ijikunje: shafti yake ni vipande viwili vinavyoingiana, vikishikwa na vipini vya plastiki, na mabano yake yana vidonge vinavyoachia kwenye mgongano ili usukani usikuingie kifuani. Fundi akiigonga ncha ya shafti kwa nyundo, vipini hukatika bila kelele. Vilevile kolamu iliyotoka kwenye gari lililopata ajali Japani inaweza kuja ikiwa imeshajikunja kidogo. Ishike usukani, uvute na usukume kwa kuelekea kifuani kwako: ukisikia unacheza kwa urefu, au mabano yamejitenga na vidonge vyake, kolamu hiyo irudi ilikotoka. Eabegi nzima juu ya kolamu mbovu haikusaidii.

Fielder yako ina mota ya usukani wa umeme ndani ya kolamu hiyo hiyo. Kama taa ya P/S imewaka pia, au usukani unavuta upande mmoja wenyewe, kihisi cha mota kinahitaji kusawazishwa upya kwa mashine. Na kama gari lina taa ya kuzuia kuteleza, kihisi cha pembe ya usukani nacho kiwekwe sifuri baada ya kazi. Dakika chache kwa mwenye mashine sahihi.

Neno moja kuhusu eabegi za mtumba, iwapo yeyote atakushauri ubadilishe nzima. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017, ilitengeneza eabegi za mamilioni ya magari kwa kutumia amonia naitreti isiyokuwa na kikausha unyevu. Miaka ikipita, joto na unyevu huivunjavunja kemikali hiyo. Siku ya kuwaka inawaka kwa kasi kupita kiasi na kopo la chuma hupasuka vipande. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya hewa. Eabegi isiyojulikana ilikotoka, iliyokaa kwenye kontena na duka la mabati, usiiweke mbele ya uso wako. Hata iliyomo sasa, kagua namba ya chasisi kwenye ukurasa wa kuitwa upya kwa magari yenye kasoro wa mtengenezaji kule Japani. Namba za magari ya soko la Japani ni fupi, kwa hivyo kurasa za Marekani, zinazotaka herufi na tarakimu 17, zitazikataa. Na iliyoharibika isitupwe na taka ikaishie jalalani Mwakirunge mikononi mwa anayegonga vyuma. Irudishwe kwa gereji inayoweza kuipasua kwa usalama.

Je, fundi wako aifanye kazi hii? Kama ana mashine inayosoma eabegi, yuko tayari kusubiri zile dakika 3, na anakubali kubadilisha kloki springi kwa mpya, sioni ubaya. Akishikilia balbu au rezista, mshukuru na uende kwingine. Nenda moja kwa moja kwa wakala wa Toyota au gereji yenye fundi wa umeme wa mifumo hii ikiwa mashine imesoma B1803, ikiwa kuna namba za hitilafu zaidi ya moja, ikiwa nyaya za manjano zimekatwa na wale wezi, au ikiwa kolamu inacheza. Nyaya za eabegi hazipigwi jointi kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe. Hubadilishwa kipande kizima.

Gari likishakabidhiwa, usiondoke nalo hapo hapo. Washa ufunguo uhesabu: taa iwake, izime baada ya sekunde 6 hivi. Washa injini, ukate usukani taratibu mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, ukibonyeza honi njia nzima. Honi isikatike, taa isirudi, na usisikie mkwaruzo. Rudia mara ya pili, kisha fundi asome namba tena mbele yako na kukuonyesha kwamba hakuna. Mwombe pia ile kloki springi ya zamani: vifuniko vyake viwili vikifunguliwa, utauona utepe ulipokatika, na hapo hutahitaji kuniamini mimi wala yeye.